Hotuba juu ya Ugonjwa wa Presha
(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka)



Sisi wa Kamati ya Afya twashukuru kupewa nafasi hii kabla ya hesabu kusomwa. Mweka Hazina atakaposimama mtasikia kwamba sehemu kubwa ya fedha za chama imetumika kusafirisha maiti za wenzetu mpaka nyumbani. Hatunung'uniki, maana kazi hiyo ndiyo iliyotuunganisha. Lakini tulipowakumbuka marehemu mmoja mmoja, tuliona kwamba kadha wa kadha waliangushwa na kiharusi, na siku iliyotangulia walikuwa kazini kama kawaida.

Huo ndio ubaya wa shinikizo la damu: halipigi hodi. Watu hungojea kichwa kiume, na wengi hawasikii lolote mpaka mshipa wa ubongo uzibe au upasuke, au figo zichoke. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Wazee watauliza: mbona babu zetu hawakuujua ugonjwa huu? Swali ni la haki. Daktari Donnison alipima watu wapatao 1000 huko Kavirondo, akaandika mwaka 1929 kwamba presha yao haikupanda kwa uzee kama ya Wazungu. Miaka mingi baadaye wataalamu waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi, na habari zao zikachapishwa mwaka 1990. Baada ya muda mfupi mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi, na upungufu wa potasiamu, ile ipatikanayo katika mboga, matunda na viazi. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni maisha. Wala wa nyumbani wasijione salama leo, kwani mkate, vibanzi na vikolezo vya dukani vimekwisha kufika huko.

Sasa juu ya kupima. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni wakati moyo unapolegea. Ikiwa ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, katika siku mbili mbalimbali, ndipo mtu huambiwa ana ugonjwa. Mwenzetu mmoja alipimwa akiwa bado anahema kwa kupanda ngazi, kitambaa kimefungwa juu ya koti, akarudi na vidonge siku hiyohiyo. Sivyo. Mtu na aketi kimya dakika 5, ameegemea, miguu chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Na kwa nusu saa kabla yake asinywe chai wala kuvuta sigara. Lakini presha ikifika 180 kwa 120, na pamoja nayo kifua kinauma au ulimi ni mzito, mtu huyo apelekwe hospitali mara moja.

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo chunguni. Pombe ipunguzwe, na kutembea kuzidi. Dawa za maumivu ya mgongo, ambazo wazee wetu huzinunua bila kuuliza, nazo zaweza kuipandisha presha.

Vidonge hushusha presha, haviponyi. Mwanachama mmoja alivimeza miezi mitatu, akaambiwa presha imeshuka. Akafurahi, akaviacha, fedha ile akalipia karo. Leo mkono wake wa kulia haunyanyuki, na mkewe ndiye asemaye kwa niaba yake. Hatumlaumu. Chama kilikuwa na mfuko wa kumzika, hakikuwa na mfuko wa kumnunulia vidonge.

Kwa hiyo twauomba mkutano huu ukubali kwamba sehemu ya michango ya mwaka ujao inunue kipimo kimoja, chenye vitambaa viwili, cha mkono wa kadiri na cha mkono mnene, na kwamba wanachama wenye presha wasaidiwe dawa wanapoishiwa. Kipimo cha kuazima kiko mezani pale nyuma. Tungependa wazee watangulie.