Karatasi Ikiisha, Nani Atapanda Mgeta?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mgeta)



Hatukupanda mlima huu kuja kulilia karatasi. Huko Uingereza gazeti la The Independent liliacha kupigwa chapa Machi 2016, likabaki katika mtandao. Hapa kwetu vijana husoma habari katika simu, na gazeti likifika Nyandira limekwisha kupitwa na siku. Muuza maandazi ndiye anayelitaka zaidi. Matangazo ya biashara yaliyokuwa yakitulisha yamehamia huko huko kwenye simu. Wala tusisingizie simu peke yake: MwanaHALISI lilifungiwa na serikali mwaka 2017, likarudishiwa leseni Februari 2022. Gazeti gani hubaki na wasomaji wake kwa miaka yote hiyo?

Linalotutia hofu ni jingine. Wazee wametusimulia habari za 1955, watu wa Uluguru walipolazimishwa kulima matuta. Upande wa pili wa milima hii, Matombo, polisi walipiga risasi. Serikali ya mkoloni ilikuwa na gazeti lake, Mambo Leo, tangu 1923. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, haina gazeti. Sauti ya TANU ilianza 1957, nayo haikuwa na fahari yoyote, karatasi chache tu zilizorudufiwa kwa mashine. Lakini mwaka 1958 maneno yake juu ya mabwana shauri wawili yalimfikisha Mwalimu Nyerere mahakamani, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa. Neno lile lilikuwa na mwenyewe. Aliyechukia alijua amshitaki nani, na msomaji alijua amwamini nani.

Sasa chukueni habari ya bei ya kabichi inayozunguka katika simu zenu. Umeipata kwa ndugu yako, naye kaipata kwa rafiki, na aliyeianza hajulikani. Pengine ni mnunuzi mwenyewe!

Au chukueni lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Linapofungwa na kuongezwa kilemba juu, nani atasimama pale na mizani, amwulize mnunuzi, amwulize na afisa wa vipimo, kisha atie jina lake chini ya habari? Kazi hiyo ina nauli, ina chakula, ina siku za kukwama barabarani masika. Zamani ililipwa na senti za kila aliyenunua gazeti. Habari ya bure haimlipi mtu kupanda Mgeta.

Kwa hiyo tumekuja na ombi. Matawi ya Nyandira, Langali na Bunduki yachague kila moja mtu mmoja, mwenye macho na asiyeogopa kuuliza. Atuletee habari za magunia kila siku ya soko, kwa jina lake. Tutazitoa katika karatasi na katika simu pia. Nauli tutalipa sisi, nanyi mlipe gazeti.