MZEE ANAPOUGUA BILA HOMA

Ndugu Waislamu,

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad:

Katika Surat Bani Israil, Mola wetu ameambatanisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwafanyia wema wazazi wawili, hasa wafikapo uzeeni. Leo tuutazame wema huo katika maradhi ya mzee asiyeweza tena kujieleza, awe nyumbani kwetu au katika nyumba ya wazee, kama ile ya Welezo, Unguja.

Tumezoea kumgusa mgonjwa pajini, na tusipohisi joto husema hana homa. Kwa mzee, mkono huo hutudanganya. Mwili uliochoka huenda usipandishe joto kali hata maradhi yakiwa yamekwisha kuingia mapafuni, katika njia ya mkojo, au katika kidonda cha kulalia. Ndiyo maana matabibu hushauri kwamba mzee wa namna hii achunguzwe kipimo cha mdomoni kikipita nyuzi 37.8 tu, na huenda hata hapo kisifike.

Basi tutazame nini? Mzee aliyekuwa akihesabu rakaa zake sawasawa, ghafla hajui kama iliyoadhiniwa ni Alfajiri au Isha. Aliyekuwa akitembea, anaanguka. Aliyekuwa akila, anakataa uji. Anahema mbiombio. Nasi husema, "Uzee huo!" La, ndugu zangu! Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Badiliko la ghafla tulihesabu kuwa ni maradhi, tumpeleke kwa tabibu siku ile ile, wala tusimpe mabaki ya dawa za mtu mwingine.

Tuoshe mikono kabla ya kumhudumia. Tumgeuze aliyelala. Mwenye mafua aahirishe ziara yake.

Lakini badiliko hutambuliwa na yule aliyemjua mzee jana. Je, asiye na mtoto atajuliwa na nani? Tuwazuru wazee hao, tuyajue majina yao na mazoea yao, ili siku wanaponyamaza tujue kuwa wanaugua.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu, utujaalie macho ya kuwaona na subira ya kuwatumikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.