Mefiboshethi alikuwa mtu mzima

Somo: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13



Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 alipoanguka. Habari ya kifo cha Sauli na Yonathani ilikuwa imefika, mlezi wake akambeba akikimbia, mtoto akaanguka, akawa kiwete. Kisha Biblia inanyamaza juu yake kwa miaka mingi. Katika sura ya 9 tunamkuta Lo-debari, nyumbani kwa Makiri, na mwenyewe ana mwana mdogo anayeitwa Mika. Juu ya meza ya mfalme tumehubiri sana. Huyo Mika tumemruka. Mefiboshethi ni baba wa mtu! Lakini vichwani mwetu amebaki yule mtoto aliyeanguka.

Ndivyo tunavyowatendea vijana wetu wenye ulemavu. Ana miaka 17, ndevu zimeanza kuota, bado tunamkalisha ekodimu pamoja na watoto wadogo. Tukitaka kujua habari zake, tunamwuliza mama yake, naye kijana amesimama pale pale anasikia.

Tunaungama jambo moja. Kusanyikoni kwetu kuna binti mwenye kifafa. Tangu utoto alipata dawa hospitalini, upande wa watoto. Alipofika miaka 16 mama aliambiwa: huyu amekua, mpeleke kwa wakubwa. Hakupewa barua, wala jina la dokta. Vidonge vikaisha. Mama alipokuja kwetu wachungaji, tulimwambia tufunge siku tatu. Tulifunga kweli. Ila hatukuuliza kama dawa ipo. Juma lililofuata binti alianguka kwenye babula yenye makala ya moto, akaungua mkono.

Mungu anaponya, wapendwa, hilo hatulibadilishi. Lakini dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Ikikatwa, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na hata kuua. Tena kipimo alichopewa mtoto wa kilo 20 kinaweza kisimtoshe akifikisha kilo 50. Anayekibadilisha ni dokta, si mama, wala si mchungaji.

Kwa hiyo wazazi, msingoje miaka 18. Tangu miaka 13 au 14 kijana ajifunze jina la ugonjwa wake, dawa yake na saa ya kuimeza. Mbele ya dokta aanze kujibu mwenyewe, mama akae kando kidogo. Kabla ya kutoka upande wa watoto, ombeni barua, na ulizeni ni nani atakayempokea. Na binti zetu hawa, tunaona haya kuwaeleza habari za mwili wa mwanamke kwa sababu ni walemavu. Watu wabaya hawaoni haya.

Tazameni pia Daudi. Hakumpa Mefiboshethi chakula tu. Alimrudishia mashamba yote ya Sauli, akaamuru Siba ayalime, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20. Mtu mzima alipewa mali yake na watu wa kumsaidia. Nchi yetu nayo ina Sheria Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuitaja kanisani?

Yule binti, mama shemasi mmoja alimsindikiza kwa dokta wa wakubwa mara tatu. Sasa anajifunza kushona. Mara ya nne alikwenda na mdogo wake tu, fishi yake ikiwa ndani ya mfuko, akajibu maswali yote mwenyewe.