Binti wa Usharika Anapotaka Kusomea Zabibu na Divai

(Hotuba ya ofisi ya miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Kimwani, Wilaya ya Muleba)



Tumeombwa kueleza kwa nini ofisi ya miradi ilimnyima binti mmoja wa huku msaada wa masomo, kisha ikabadili uamuzi. Ni haki yenu kujua, kwa kuwa mfuko ule ni sadaka yenu.

Binti huyo alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa Kemia, Biolojia na Kilimo. Aliandika kwamba anataka kusomea kilimo cha zabibu na utengenezaji wa divai chuo kikuu. Tulimjibu kwa mistari miwili: Kanisa halisomeshi wapika pombe. Baadaye mama yake, ambaye ni mjane, alikuja ofisini. Hakugombana nasi. Aliuliza tu kama tunajua ada ya binti ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mtumbwi wa rubisi. Tulinyamaza, maana sadaka yake ya kila Jumapili ilitoka mtumbwini humo humo, na hatukuwahi kuirudisha.

Ndipo tukaona tujifunze kwanza, tuamue baadaye.

Wapendwa, somo hili ni sayansi kamili. Mwanafunzi husoma udongo, magonjwa ya mimea, kemia, na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hamira hula sukari ya tunda na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa. Hewa isiyotakiwa ikiingia, bakteria hugeuza kileo kuwa siki. Mama zetu wanaijua hasara hiyo: rubisi ya leo ni tamu, baada ya siku chache imechacha, nayo humwagwa. Mfaransa Louis Pasteur alichunguza kuharibika kwa divai, na mwaka 1866 akachapisha kitabu kuhusu maradhi yake. Alionyesha kwamba kuipasha moto kwa kiasi huua vijidudu viharibifu. Leo maziwa ya watoto wetu huhifadhiwa kwa njia hiyo hiyo. Elimu iliyoanzia kwenye pipa la divai imefika kwenye kikombe cha mtoto.

Je, tulime zabibu hapa? Jibu letu ni hapana, na tunawaomba msishawishike na wauza miche. Zabibu za Tanzania ni za Dodoma, ambako mvua ni kama milimita 550 kwa mwaka na kiangazi ni kirefu. Wakulima wa kule hupogoa kwa mpango na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Bukoba hupata karibu milimita 2,000. Sisi wa Kimwani tunapata pungufu ya hapo, lakini bado hatuna ukavu wa Dodoma. Kwenye unyevu, ukungu wa ubwiri hushambulia majani na vichala, na mkulima humaliza fedha kwa kununua dawa.

Basi asome kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya ndizi, mananasi na matunda mengine yanayooza msimu ukifika. Anayejua kupima sukari na uchachu wa juisi ya zabibu anaweza kupima ya ndizi pia. Atatusaidia kutengeneza juisi inayokaa, jamu na siki safi. Tena tunakumbuka mnyauko wa migomba ulioingia Muleba katikati ya miaka ya 2000. Shamba lililopungua linadai kila mkungu ulete thamani zaidi.

Kuhusu njia, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shahada ya kilimo cha mboga na matunda, na pia shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula. Kituo cha utafiti wa zabibu kipo Makutupora, Dodoma, ambako mwanafunzi anaweza kuomba mafunzo kwa vitendo. Shahada ya zabibu na divai zenyewe hutolewa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, lakini gharama yake ni kubwa. Tulimshauri aanzie Morogoro, aombe Bodi ya Mikopo, na mfuko wetu uzibe pengo. Alikubali.

Wapo watakaosema tunafungua mlango wa ulevi. Hofu hiyo tunaiheshimu. Tumeona nyumba zilizobomolewa na pombe, na hatutaficha hilo kwa mhisani yeyote. Biblia yenyewe inamtaja Nuhu aliyelewa kwa mzabibu wake, na pia arusi ya Kana. Divai tunayopokea Meza ya Bwana nayo ilitengenezwa na mtu aliyejifunza. Kwa hiyo tumeweka sharti moja: mradi wowote atakaouanzisha kwa fedha za sharika utahusu vyakula na vinywaji visivyo na kileo.

Tunaziomba kamati mambo mawili. Kwanza, barua ya kijana isomwe mpaka mwisho kabla ya kujibiwa. Pili, mzazi aitwe na asikilizwe.

Kwa mama yule tulikwenda wenyewe, tukaomba radhi. Alitukaribisha ndizi, akatuombea safari njema.