Msikilizaji Anayehesabiwa na Msikilizaji Anayejulikana

Mada yetu inawahusu watu wawili wanaokutana kila siku bila kuonana: mwandishi wa habari na yule anayemwandikia. Je, mwandishi huyo anamjua msikilizaji au msomaji wake kwa kiasi gani? Jibu tutalitafuta katika kazi za watafiti, wengi wao wakiwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu, walioketi kwa miezi au miaka ndani ya vyumba vya habari wakitazama jinsi habari inavyotengenezwa.

Tuanze na neno moja: bawabu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alichunguza jinsi chakula kinavyofika mezani. Aliona kwamba chakula hupitia njia zenye milango, na penye kila mlango yupo mtu wa kuamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mama wa nyumba. Mtafiti David Manning White alilichukua wazo hilo akalipeleka gazetini. Mwaka 1949 alimwomba mhariri wa gazeti la mji mmoja wa Marekani amhifadhie, kwa muda wa wiki moja, kila habari ya mashirika aliyoikataa, na aandike kwa mkono wake sababu ya kuikataa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950. Takriban sehemu tisa katika kila kumi za habari zilizomfikia mhariri huyo hazikupita mlangoni. Nyingine zilikosa nafasi, nyingine zilifanana na zilizokwisha kuchaguliwa, na nyingine zilikataliwa kwa sababu tu mhariri hakuzipenda.

Bawabu basi tumemwona. Lakini je, anawajua walio upande wa pili wa mlango?

Swali hilo liliulizwa kwa kina katika miaka ya 1970. Nchini Marekani, mwanasosholojia Herbert Gans aliingia katika vyumba vya habari vya televisheni za CBS na NBC, na vya majarida ya Time na Newsweek. Nchini Uingereza, kijana Philip Schlesinger, aliyekuwa akiandaa tasnifu yake ya uzamivu jijini London, aliruhusiwa kuketi katika idara za habari za BBC. Kitabu cha Schlesinger kilitoka mwaka 1978, na cha Gans mwaka 1979. Wawili hao, kila mmoja katika nchi yake, walifikia jambo linalokaribiana sana: waandishi waliowatazama walijua machache mno kuhusu hadhira yao, na wala hawakuonekana kulitafuta zaidi.

Katika BBC hali hiyo ilishangaza, kwa kuwa shirika hilo lilikuwa na idara ya kuwachunguza wasikilizaji tangu mwaka 1936. Ripoti zilikuwepo. Barua zilifika na simu zilipigwa. Hata hivyo, mwandishi alipotaka kujua kama kazi yake ni nzuri, alimtazama mwenzake aliyeketi meza ya pili, au mkubwa wake. Msikilizaji alikuwa kiungo kilichokosekana katika mnyororo wa kazi. Schlesinger hakuishia kuwalaumu. Alionyesha kwamba chumba cha habari kinatawaliwa na saa: taarifa lazima iwe tayari kwa dakika fulani, na mtu anayekimbizana na sekunde huandika kwa mazoea.

Mpenzi msikilizaji, tuvuke sasa miaka thelathini. Intaneti iliingia vyumbani, na pamoja nayo ikaja mitambo ya kuhesabu. Mwaka 2009 kampuni ya Chartbeat ilianzishwa jijini New York, ikiuza programu inayomwonyesha mhariri, papo hapo, ni watu wangapi wanaosoma kila ukurasa wa tovuti yake. Kiungo kilichokosekana kilionekana kupatikana. Yule aliyekuwa kivuli akawa nambari inayopanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta.

Hapo ndipo kizazi kipya cha wanafunzi wa uzamivu kilipobisha hodi. Caitlin Petre, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2021, aliichunguza Chartbeat yenyewe, kisha gazeti la The New York Times na kampuni ya Gawker Media. Katika Gawker, takwimu za wasomaji zilitundikwa ukutani kwenye ubao mkubwa, kila mtu azione. Katika The New York Times, wakati wa utafiti huo, takwimu zilikuwa zaidi mikononi mwa wahariri, na waandishi wengi hawakuruhusiwa kuzifungua. Petre alionyesha pia kwamba waliounda programu hiyo waliipa sura ya mchezo: sindano inapanda, moyo unapiga, na mtu anataka kucheza tena.

Mwenzake, Angèle Christin, alilinganisha tovuti mbili za habari, moja ya New York na nyingine ya Paris, na kitabu chake kikatoka mwaka 2020. Ungedhani Wamarekani, watu wa biashara, ndio waliotawaliwa zaidi na takwimu. Christin alikuta kinyume. Waandishi wa New York waliwaachia wahariri mambo ya nambari, wao wakajali wenzao wa fani wanasemaje. Waandishi wa Paris walizilaumu nambari hizo kwa maneno makali, na bado waliziangalia bila kupumzika, kwa sababu kwao kusomwa na wengi kulikuwa ishara kwamba sauti yao ina nafasi katika mjadala wa taifa.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, chombo ni kimoja, lakini kila nyumba hukitumia kwa desturi zake. Anayesema kwamba teknolojia imeubadilisha uandishi wa habari hajasema kitu mpaka aeleze ni chumba gani, na nani anashika ufunguo. Pili, na hili ndilo kubwa, kumhesabu mtu si kumjua. Nambari husema ukurasa umefunguliwa. Haisemi kama aliyeufungua alifurahi, alikasirika, au alikosea kubofya.

Kwa wasemaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wake. Redio moja iliyowekwa barazani husikilizwa na watu sita, na kila mmoja huenda na habari nyumbani kwake. Mjukuu humsomea bibi yake kwa sauti. Kwenye takwimu msomaji ni mmoja, na bibi hayupo. Sauti iliyonakiliwa hupita kutoka simu hadi simu, kutoka Zanzibar hadi Muscat, bila kurudi hata mara moja kwenye tovuti ilikotoka. Na yule asiye na fedha ya kununua bando, ambaye pengine ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya habari, haonekani kabisa.

Wala haya si mambo ya darasani tu. Mwezi Septemba 2022 BBC ilitangaza mpango wa kusitisha matangazo ya redio katika lugha kumi. Sababu zilizotolewa zilikuwa gharama na kuhama kwa hadhira kuelekea mtandaoni. Tarehe 27 Januari 2023 redio yake ya Kiarabu, iliyoanza mwaka 1938, ilinyamaza. Kiswahili hakikuwamo katika orodha hiyo ya redio. Hata hivyo, tukio hilo linatukumbusha kwamba hesabu ya hadhira huamua nani aendelee kusikika kwa lugha yake. Hesabu yenye uzito huo haifai kuachiwa mashine peke yake.

Tusiwe wepesi, lakini, kuzitukana takwimu. Enzi za Schlesinger na Gans, kutojua kulimpa mhariri raha ya kuamini kwamba marafiki zake ndio umma. Nambari zimeivunja raha hiyo, na hilo ni jema. Upungufu unaanza pale nambari inapochukuliwa kuwa jibu, ilhali ni mwanzo tu wa swali.

Kwa hiyo nina neno kwa wanafunzi wetu wa uandishi wa habari, walio Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au ughaibuni. Vyumba vya habari vya Kiswahili vinawangoja. Msitosheke na dodoso la siku mbili. Ombeni ruhusa, keti nao wanaofanya kazi, mwone habari inazaliwaje na inakataliwaje. Kisha tokeni nje, mkaketi pia na wanaosikiliza, barazani, sokoni na jikoni. Na mkimaliza, msiuache utafiti wenu kabatini. Tasnifu nyingi za fani hii huandikwa kwa Kiingereza, wakati chumba kilichochunguzwa kinafanya kazi kwa Kiswahili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni. Basi na amwachie mwenyeji dawa kwa lugha anayoielewa.

Na wewe, msikilizaji, una sehemu yako. Mashine itahesabu kwamba umesikiliza. Ni wewe tu unayeweza kueleza kwa nini umesikiliza, kipi kilikukera, na habari gani ya mtaani kwako haijawahi kutajwa. Andika, piga simu, sema. Bawabu akikufahamu kwa jina na kwa haja yako, mlango hufunguka kwa namna nyingine.