Mashine za Michezo na Pasi ya Lehemu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wahitimu, Kibiti)



Nimepewa dakika 20 nizungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la mzaha. Ndugu Katibu aliponiuliza kichwa cha mazungumzo yangu, nikamjibu kuwa nitasema juu ya kufufua na kugeuza mashine kuukuu za michezo ya televisheni, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama sina jambo lolote la kilimo. Sina. Ninayo mashine hii hapa mezani, na ninalo ombi juu ya fedha zetu za mchango, na hayo mawili kwangu ni jambo moja.

Mashine za aina hii zilienea nchini katika miaka ya 1990. Vijana wafahamu kwamba mwaka 1974 Serikali iliweka vizuizi vya kuingiza kompyuta na televisheni, na huku Bara tulikaa mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya televisheni vikaanza kutangaza, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikwisha kuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Televisheni zilipojaa Kariakoo, mashine hizi zilizifuata nyuma, zimo katika maboksi yenye picha za kupendeza kuliko michezo yenyewe. Nyingi zilikuwa nakala za mashine iitwayo Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa huko Japani mwezi Julai 1983. Walioiga hawakubisha hodi. Waliichukua kazi ya chipu kadhaa wakaikusanya katika chipu moja, wakaifunika kwa tone la gundi nyeusi, na bei ikashuka mpaka mtoto wa mvuvi akaweza kuisikia kwa jirani.

Hii niliinunua kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kando ya Barabara ya Kilwa. Ilikuwa imekwisha kupimwa kwenye mizani pamoja na sufuria mbovu. Ilitoka huku deltani, na hilo nililijua kabla ya kuambiwa, maana nilipoifungua nilikuta kutu ya kijani kwenye shaba na sisimizi wamehamia. Hewa ya mikokoni ina chumvi na unyevu. Redio, simu, taa ya sola, vyote vinaugua ugonjwa mmoja. Fundi wa Dodoma hana habari na ugonjwa huu. Wa Nyamisati anaujua kama anavyojua maji kupwa na kujaa.

Sasa nataka wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanisikilize kwa makini, maana hapa kuna fizikia yao. Mashine hii hutumia volti 5. Imetengenezwa ipokee volti 9 kutoka kwenye adapta, na ndani mna kidude chenye miguu mitatu, kimeandikwa 7805, ambacho kazi yake ni kuzipokea volti hizo 9 na kutoa 5 tu. Zile 4 zinazobaki zinakwenda wapi? Zinageuka joto. Tuseme mashine inakula ampea 0.3. Volti 4 mara ampea 0.3 ni wati 1.2, kidude kinapata moto, lakini kinastahimili. Katika kijiji kisichofikiwa na nyaya za umeme, mtu huiunganisha na betri ya sola ya volti 12. Sasa zinazogeuka joto ni volti 7, yaani wati 2.1. Mchana jua linapochaji, betri hufika hata volti 14, na joto hupanda mpaka wati 2.7. Waigaji wale, kwa kubana matumizi, mara nyingi hawakukipa kidude hicho bati la kutosha la kupozea. Basi kinachemka, kinajizima chenyewe kwa kujilinda, watoto wanadhani mashine imekufa. Baada ya nusu saa inawaka tena, wanadhani ina shetani.

Dawa yake haitoki ng'ambo. Chaja ya simu ya gari, ile ya kuchomeka mahali pa kuwashia sigara, hupokea volti 12 na kutoa 5, tena bila ya kupoteza nguvu nyingi, kwa sababu haiuchomi umeme uliozidi. Inaukata na kuurudisha maelfu ya mara kwa sekunde moja. Unakitoa kile kidude cha miguu mitatu, unalehemu nyaya mbili kutoka kwenye chaja, na mashine inafanya kazi bila kupata moto. Kijana mmoja wa Salale aliyeketi nami nikiifanya kazi hii alitazama, akauliza maswali mawili, akaenda zake. Baada ya muda nikasikia kwamba anaifanya njia ileile kwa redio za wavuvi, na kwamba wanamlipa. Mimi mwenyewe sijawahi kulipwa na mtu.

Tatizo la pili lilikuwa picha. Mashine za zamani hupeleka picha kwa njia ya tundu la antena, mithili ya kituo kidogo cha utangazaji kilichofungiwa ndani ya kopo la bati. Televisheni bapa za siku hizi huipokea picha hiyo kwa taabu, na nyingine hazikubali kabisa. Nikaichukua picha kabla haijaingia kwenye kopo, nikaipitisha katika transista moja na rizista mbili tatu, nikaitoa kwenye tundu la njano la kawaida. Picha ikang'aa kuliko ilivyopata kuwa siku iliyotoka dukani. Hapa pana mtego: mashine nyingine zimetengenezwa kwa mtindo wa Marekani na Japani, picha 60 kwa sekunde, nasi tunafuata ule wa Ulaya, picha 50, televisheni isiyojua mitindo yote miwili huonyesha picha isiyo na rangi au inayobiringika. Usiilaumu transista yako kabla ya kulitazama hilo.

Jambo jingine dogo. Acheni kupuliza kaseti za gemu kwa mdomo. Najua kila mtoto wa miaka ile alipuliza, na mashine ikawaka, akaamini. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya. Pumzi ina maji, nayo maji huzila polepole zile shaba 60 za mguuni mwa kaseti. Spiriti na kitambaa safi, au ufutio wa penseli kwa uangalifu, vinatosha.

Ndugu Mwenyekiti, nawaona wazee wanatabasamu, kana kwamba wanasema: yote haya kwa ajili ya kuruka vizingiti katika kioo? Naomba niwakumbushe mashine za michezo zilitoka mikononi mwa watu gani. Ralph Baer, ambaye ndiye aliyebuni mashine ya kwanza ya kuchezea kwenye televisheni ya nyumbani, ile iliyouzwa mwaka 1972 kwa jina la Odyssey, alikimbilia Marekani mwaka 1938 akiwa kijana wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, na cheti chake cha kwanza cha ufundi, cha mwaka 1940, kilikuwa cha kutengeneza redio. Alikisomea kwa njia ya posta. Jerry Lawson, Mmarekani mweusi wa New York, alikuwa na kituo chake cha redio chumbani akiwa mvulana, akajipatia fedha kwa kutengeneza televisheni za watu. Mwaka 1976 yeye ndiye aliyewaongoza wahandisi waliotoa mashine iitwayo Channel F, ya kwanza yenye kaseti za kubadilisha. Kila kaseti ya gemu mliyopata kuishika inamwamkia mzee huyo. Wote wawili walikuwa mafundi redio, watu wa namna ileile tuliyokuwa tukiwaona hapa sokoni wameinamia meza yenye vumbi na moshi wa risasi, nasi tukipita tunawaita wahuni walioshindwa shule.

Na kugeuza chombo kifanye kazi ambayo hakikuumbiwa si ugeni Rufiji. Mnaifahamu ile manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mito yetu mwaka 1914. Mashine yake ilipovunjika, vipande vilikokotwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Ilipozama baada ya mashambulizi ya Waingereza tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliing'oa mizinga yake 10 kutoka matopeni, wakaitengenezea magurudumu na kuiburuta nchi nzima. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Sisifu vita ile, na waliokokota hawakuulizwa kama wanapenda. Lakini ninapoutazama ule mzinga wa meli juu ya magurudumu, naona akili ya fundi iliyo macho, na naona pia kwamba waliobeba uzito wake walikuwa babu zetu, wala hakuna aliyewafundisha namna magurudumu yalivyofungwa.

Na hilo ndilo linalonihangaisha. Leo hii vijana wetu wana simu mkononi zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mashine hii mezani ina kilobaiti 2, yaani simu inaizidi mara milioni 2 na zaidi. Lakini ni wapi kijana ataingilia simu ile? Imegundishwa, vipande vyake ni vidogo kuliko punje ya mtama, na ikiharibika ushauri ni mmoja: nunua nyingine. Mashine hii ukiifungua unaona njia ya umeme kwa macho, unaweza kuifuata kwa ncha ya mita kutoka betri mpaka picha. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, wengi waliielewa kuwa ni jembe tu. Mimi naiona pia katika pasi ya lehemu.

Nitaulizwa juu ya vibanda vya gemu, ambavyo wazazi wanavichukia, na wana sababu, maana mtoto anakwenda huko saa za darasa. Utoro siutetei. Lakini tazameni nyuma ya kile kioo. Mashine za PlayStation 2, zilizotolewa mwaka 2000, zina leza inayochakaa kwa vumbi na matumizi. Wenye vibanda hawakungoja vipuri, wakazigeuza zisome michezo kutoka kwenye flashi. Huo ni ufundi. Kwamba michezo iliyomo humo ni nakala zisizolipiwa ni jambo jingine, na sisi watumishi wa umma hatuwezi kujifanya hatuioni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Ninachosema ni kwamba kuifungua mashine uliyoinunua si wizi, na kijana afundishwe mpaka ulipo kati ya mawili hayo, badala ya kufukuzwa kutoka pande zote mbili.

Sasa ombi langu. Kamati imependekeza fedha za mchango wa mwaka huu zinunue vishikwambi kwa ajili ya wanafunzi. Ni pendekezo jema, na waliolitoa ni watu ninaowaheshimu. Hata hivyo naomba sehemu yake, hata robo, itenge meza moja ya kazi: pasi za lehemu, mita, koleo ndogo, risasi ya kulehemu, spiriti, na taa nzuri. Vishikwambi ndani ya miaka michache betri zake zitachoka, na pasipo meza hiyo hatakuwapo mtu shuleni wa kuzibadilisha. Pasi ya lehemu niliyonayo mimi ina miaka 19.

Mashine za kujifunzia hazihitaji bajeti. Zimo katika mabohari yenu na chini ya vitanda vyenu. Leteni redio, leteni mashine za michezo, leteni chaja na spika. Televisheni zenye kioo kinene cha nyuma msilete, nasema hili kwa msisitizo: kioo kile huhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa, na si kitu cha kumpa mwanafunzi anayeanza. Dirisha la chumba liwe wazi wakati wa kulehemu, na kila mtu anawe mikono kabla ya kula, kwani risasi ni sumu. Vilevile mtu asichome nyaya ili apate shaba. Moshi ule unarudi kwa watoto wetu.

Mwalimu wa fizikia amekwisha kuniambia kwamba siku za Jumamosi maabara huwa tupu. Mimi nitakuja Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kama barabara na kazi vitaniruhusu, na wahitimu wengine watatu wamekubali kupokezana nami. Baada ya chakula mashine hii itawashwa pale karibu na dirisha, kwa betri ya sola, na kifuniko chake kitakuwa wazi. Atakayetaka kucheza acheze, ila kwanza anionyeshe kwa kidole umeme unaingilia wapi.