Njiwa Aliyetumwa kwa Mhunzi
Hotuba ya mmoja wa waanzilishi wa kwaya, siku ya jubilei



Nimeombwa niseme machache kuhusu mahali kwaya hii ilikotoka. Labda mnatarajia nianze na kinanda cha kwanza au sare ya kwanza. Nitaanza nyuma zaidi ya hapo, jikoni kwa nyanya. Sisi Wagikuyu tunamwita cucu, Waluo wanamwita dani, Wabukusu kukhu. Kanisani tulifundishwa nota. Kuimba kwenyewe tulifundishwa na hao.

Kwa cucu hadithi zilikuwa za usiku. Mchana ulikuwa wa kazi, na mtoto aliyeomba hadithi jua likiwaka alitumwa kuni. Hadithi tuliyoipenda kuliko zote, na Wagikuyu wengi hapa wanaijua, ni ya mhunzi na mkewe. Mhunzi alikwenda mbali kufua vyuma, akamwacha mkewe mja mzito. Mama akajifungua bila msaidizi ila zimwi. Zimwi likawa linapika chakula na kumwonyesha. Kabla hajanyosha mkono, linakila lenyewe. Mama akazidi kukonda.

Siku moja alikuwa anaanika mbegu za mbarika, njiwa akaja. Mama akamwambia: nikikupa mbegu hizi, utanipelekea ujumbe kwa mume wangu? Njiwa akala, akaruka, akatua pale wahunzi walipokuwa wakifua, akaimba. Wakamfukuza. Akarudi, akaimba tena. Mwishowe mmoja akasema, hebu nyamazeni, ndege huyu ana neno. Mhunzi akasikia habari za nyumbani kwake, akabeba mkuki wake, akaenda akalimaliza zimwi.

Hadithi hiyo haisimuliki bila wimbo. Cucu akifika kwa njiwa, yeye alianzisha na sisi tukaitikia, na aliyesinzia alijulikana kwa kukosa kuitikia. Hakuna aliyetuambia hiki ni kiitikio, hii ni sauti ya kwanza, hii ya pili. Ila kila mtoto alijua zamu yake.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Kuanzia 1954 familia nyingi za kwetu ziliondolewa kwa nguvu mashambani na kurundikwa vijijini chini ya ulinzi, na usiku ilikuwa marufuku kutoka nje. Baba yangu alikuwa kizuizini. Cucu aliendelea na hadithi zake, lakini kwa sauti ya chini, nasi tukaitikia kwa sauti ya chini vilevile. Nilishangaa kwa nini mama alikuwa akifuta machozi njiwa akiimba, maana kwetu watoto hapo ndipo palipokuwa patamu. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Mume yuko mbali, mama ana mtoto mchanga, na anayekaa karibu na moto si mtu mwema. Cucu hakuwa na haja ya kueleza zaidi.

Guka naye, babu yangu, alikuwa mtu wa Misa ya Kilatini. Sanctus na Agnus Dei alivijua kwa moyo, bila kujua neno moja lina maana gani. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, nayo ikafungua mlango kwa lugha na muziki wa watu wenyewe. Ngoma na kayamba zilipoingia kanisani, baadhi ya wazee walinung'unika. Guka alisema, "Sasa nitajua ninachomwambia Mungu." Vijana tulioanzisha kwaya hii tulikuwa wajukuu wa watu kama hao. Padri alipotuuliza ni nani aliyetufundisha kupokezana hivi, tulitazamana tu.

Wanakwaya wenzangu, waanzilishi kadhaa hawapo leo. Wengine tumewazika, na wengine wako nyumbani, miguu imekataa. Kila mmoja wao ana hadithi yenye wimbo ndani yake, kwa Kigikuyu, Kiluhya, Kikamba, Kijaluo na lugha nyingine za parokia hii. Maneno ya hadithi yanaweza kuandikwa na mtu yeyote. Wimbo wake ukiondoka na mwenyewe, hakuna wa kuurudisha.

Basi ninawaomba vijana jambo moja. Kabla ya Krismasi, kila mmoja amtembelee mzee mmoja jioni, si mchana. Usiende mikono mitupu: hata njiwa alipewa mbegu kwanza. Beba sukari, kaa chini, sikiliza hadithi hadi mwisho, kisha omba ufundishwe wimbo. Urekodi kwa simu, uandike maneno kwa lugha yake yenyewe, halafu utufundishe kiitikio siku ya mazoezi. Na mzee akirudia hadithi uliyokwisha kuisikia, usimkatize. Njiwa aliimba zaidi ya mara moja kabla ya kusikika.

Na nyinyi wazee wenzangu, wakija, msiwaambie mmesahau. Anzeni tu kuimba, mengine yatafuata.

Mungu aibariki kwaya yetu.